Kuwinda kindi: kuanzia maganda chini ya mti hadi sufuriani

Kindi hawindwi kwa kutembea, anawindwa kwa kukaa. Anayezunguka msituni akikanyaga majani makavu huambulia mikia inayopotelea nyuma ya matawi. Aliyeujua mti wanaokula, akaegemea shina la jirani mita 20 au 25 kutoka hapo na kutulia, huwaona wakirudi wenyewe.

Kabla ya yote, hakikisha una kibali, msimu uko wazi, na unajua idadi inayoruhusiwa kwa siku. Jifunze pia kutofautisha aina. Uingereza, kwa mfano, kindi mwekundu analindwa na sheria ya mwaka 1981, ilhali wa kijivu, aliyeletwa kutoka Amerika ya Kaskazini, hana ulinzi huo. Usipomtambua vizuri kwenye mwanga hafifu, usipige.

Mti wa kukalia hautafutwi kwa kutazama juu. Tazama chini. Kindi wakila matunda ya mwaloni au ya mjozi hudondosha vipande vya maganda, na vipande hivyo vinakwambia walikula lini. Ganda la leo linang'aa kwa ndani na bado lina unyevu. La wiki iliyopita limeshakuwa kahawia na kukauka. Rundo kubwa la maganda makavu lisikudanganye: chakula kimeisha na wenyewe wamehama. Viota vya majani vinaonyesha tu kwamba wanaishi karibu. Kiota usikipige kamwe. Huoni kilichomo, huenda ni watoto, na atakayefia ndani hutampata.

Fika kabla ya kupambazuka. Muda mzuri ni saa mbili za mwanzo za mwanga, kisha saa ya mwisho kabla ya giza. Siku ya upepo mkali ni ya kubaki nyumbani, kwa sababu matawi yakivuma kindi hasikii adui akija, basi hatoki sana. Asubuhi tulivu baada ya mvua ndiyo bora kuliko zote, maana majani yaliyolowa hayapigi kelele chini ya buti.

Ukishakaa, hesabu dakika 15 hadi 20 bila kugeuza hata kichwa. Tumia macho tu. Wasipotokea ndani ya dakika 40, hamia mti mwingine wenye maganda mapya. Ukimwangusha mmoja, usimkimbilie. Weka alama kwa macho, kisiki au jiwe, kisha endelea kukaa, kwani wengine hutulia na kurudi kula. Ila akiwa bado anatikisika, mmalizie papo hapo.

Kindi akikuona hujizungusha upande wa pili wa shina. Mkiwa wawili, mmoja atulie, mwenzake azunguke polepole, naye kindi atajipeleka mbele ya aliyetulia. Ukiwa peke yako, rusha kijiti kipite ng'ambo ya mti. Mara nyingi atahamia upande wako.

Kuhusu silaha, bunduki ya marisau (vijipunje vya risasi vinavyotoka kwa pamoja) ya geji, yaani upana wa mtutu, 12 au 20, yenye marisau ya ukubwa namba 6, inatosha hadi mita 30 hivi. Zaidi ya hapo marisau yanatawanyika na unajeruhi badala ya kuua. Ipime kwenye karatasi kwa umbali huohuo kabla ya msimu, uone yanavyojipanga. Bunduki ya risasi ndogo ya .22 huhifadhi nyama vizuri zaidi ukilenga kichwa, lakini ina mambo mawili ambayo wengi huyajua wamechelewa.

La kwanza ni darubini ya kulengea. Inakaa kama sentimita 4 juu ya mtutu, kwa hiyo bunduki iliyosawazishwa kwa mita 45 hupiga chini ya alama pale kindi anapokuwa karibu sana: karibu sentimita moja na nusu kwa mita 10, na karibu 3 kwa mita 5. Kichwa cha kindi chenyewe ni kidogo kiasi hicho. Akikujia miguuni, lenga juu kidogo, la sivyo utampiga taya.

La pili ni usalama wa watu. Risasi ya .22 iliyofyatuliwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2. Piga pale tu ambapo nyuma ya kindi pana shina nene au mwinuko wa ardhi. Kindi aliye ncha ya tawi, na mbingu nyuma yake, mwache aende. Vaa pia kofia ya rangi ya chungwa inayong'aa. Kinachomshtua kindi ni mwendo wako, si rangi hiyo.

Mchune angali na joto, ndani ya nusu saa ikiwezekana. Akipoa, ngozi hushikamana na nyama kama iliyogundishwa. Vaa glavu za mpira, lowesha manyoya kwa maji ili yasitapakae, kisha mlaze kifudifudi. Inua mkia, kata chini ya shina lake, juu kidogo ya njia ya haja, hadi mfupa uachie. Koma hapo. Ngozi ya upande wa mgongoni isikatwe, kwani ndiyo itakayobeba kazi yote. Kutoka kwenye mkato huo endeleza kisu sentimita 3 kila upande kuelekea mgongoni, upate ulimi mpana wa ngozi. Kanyaga mkia kwa buti karibu kabisa na shina lake, shika miguu ya nyuma, vuta juu taratibu bila kushtua. Ngozi itavuka mgongo na mabega kama fulana inayovuliwa. Tumboni hubaki pembe ya ngozi iliyochongoka. Ingiza kidole chini yake, vuta kuelekea nyuma, na miguu itatoka kwenye ngozi kama kwenye suruali. Mkia ukikatika mapema, ujue ulimi ulikuwa mwembamba, au umekanyaga mbali na shina.

Pasua tumbo kwa ncha ya kisu, makali yakitazama juu, usitoboe utumbo wala kibofu. Toa vijitezi vya makwapani na vya kiunoni, vinaharibu ladha. Kisha kagua ini. Likiwa na madoa madogo meupe, huenda ni tularemia, ugonjwa unaompata sungura pia na kuambukiza binadamu. Mtupe mzima, kisha nawa kwa sabuni. Uvimbe chini ya ngozi wenye funza wa inzi ni jambo jingine: unachukiza, lakini nyama iliyobaki ni salama, kata sehemu ile.

Mpoze hadi chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, kisha mlaze usiku mmoja kwenye maji yenye chumvi, kijiko kikubwa kwa lita, ili damu itoke. Mkate vipande vitano: mapaja mawili, mikono miwili na mgongo. Kijana unaweza kumkaanga. Dume mzee, mwenye korodani kubwa nyeusi zisizo na manyoya, hatafuniki hivyo. Mchemshe kwa moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili, mpaka nyama iache mfupa, ukitoa marisau yaliyobaki kwa vidole kabla ya kupakua.