Namna ya kumfundisha mtoto kuhesabu kwa vizibo na trei ya mayai

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukuimbia moja mpaka kumi bila kukosea na wageni wakapiga makofi, ila mwambie akuletee vijiko vitatu uone, anakuja na fungu zima. Kuimba namba ni kitu kimoja na kuhesabu ni kitu kingine kabisa, na wazazi wengi tunaishia kwenye wimbo.

Tafuta vizibo, vile vya plastiki vya chupa za maji ni vizuri kuliko vya soda vya chuma maana havina meno. Kama mwanao bado anatia kila kitu mdomoni au puani achana na vizibo na maharage, tumia ndimu au viazi.

Panga vitano kwenye mstari. Aguse kimoja, ataje namba, alafu akisogeze upande wa pili ndo aende kingine. Hapo kwenye kusogeza usiparuke, maana asiposogeza mdomo unakimbia kuliko kidole, kizibo kimoja kinahesabiwa mara mbili kingine kinarukwa. Akimaliza muulize, "Viko vingapi?" Wengi wanaanza tena moja, mbili, tatu toka mwanzo, sio kwamba amesahau, ni hajajua bado kwamba ile namba ya mwisho aliyoitaja ndo jibu lenyewe. Usimgombeze. Hesabu wewe anaangalia, ukifika mwisho zungusha mkono juu ya vyote useme "viko vitano". Rudia kila mkikaa. Akisema "vizibo mbili" we itikia tu "eeh, viwili" muendelee, sarufi itakuja yenyewe.

Akishaweza, mtume. Lete viazi vinne, mpe kila mtu andazi moja. Kutumwa ni kugumu kuliko kuhesabu kilichopangwa kwa sababu inabidi ajue pa kuacha, kwahiyo hapo ndo utajua kama kaelewa kweli.

Kutambua namba sasa. Kata vipande vya boksi, andika namba kwa maka peni, nyuma weka nukta kulingana na namba, ili akikwama ageuze ahesabu mwenyewe. Anza na 1, 2, 3 tu, zikae kichwani ndo uongeze. 6 na 9 usizilete siku moja jamani, na zote mbili zipigie mstari chini ajue wapi ni miguu. Kuandika aanze na kidole kwenye sinia lenye unga au mchanga, penseli baadae. Akiandika 3 imegeukia upande wa pili usipate presha, hata wa miaka sita wanafanya hivyo. Njiani muoneshe namba kwenye mageti, kwenye jezi, kwenye rimoti.

Baada ya kumi ndo patamu. Ukimwambia mtoto aandike kumi na mbili anaandika 102, na ukimsikiliza ana haki yake kabisa, kasikia kumi kaandika 10, kasikia mbili kaongeza 2. Kuelezea kwa maneno hapa ni kuchoshana tu. Chukua trei ya mayai ya karatasi ile ya mayai 30, ina mashimo matano kwa sita, kata kila safu mbili za matano, unapata vipande vitatu vya mashimo kumi kumi. Mpe vizibo kumi na mbili ajaze shimo moja kizibo kimoja. Kipande cha kwanza kinajaa, viwili vinaenda cha pili. Muulize vipande vilivyojaa ni vingapi, kimoja, andika 1. Vilivyobaki vingapi, viwili, andika 2 pembeni yake. Jaribuni na kumi na tano, kumi na nane, alafu kumi yenyewe, kipande kimoja kimejaa na hakuna kilichobaki, hapo ndo sifuri inapata kazi.

Ishirini, thelathini hazisikiki kabisa kama mbili na tatu, kwahiyo majina yake atayakariri tu, hakuna njia ya mkato. Ila ajaze vipande viwili muandike 20, ajaze vyote vitatu muandike 30. Mkae dakika kumi hivi zinatosha, na akianza kurusha vizibo kusanya, mtaendelea kesho.