Spring Boot Inapogoma: Pa Kuanzia Kutafuta Hitilafu

Programu ya Spring Boot, mfumo wa kujengea programu za Java, ikikataa kuwaka hukumwagia mistari mia na ushei ya maandishi. Wengi husoma ule wa juu, wakaunakili na kuanza kutafuta suluhisho. Ule wa juu mara nyingi ni matokeo tu, kwa sababu Spring hulifunga kosa moja ndani ya jingine, na hilo ndani ya jingine tena. Teremka mpaka `Caused by` ya mwisho kabisa. Hapo ndipo utakuta chanzo chenyewe: nenosiri la hifadhidata limekosewa, jedwali halipo, au faili ya mipangilio ya YAML imewekwa tabo mahali pa nafasi. Ukiona maneno `APPLICATION FAILED TO START`, soma sehemu mbili zilizo chini yake, Description na Action, kabla hujagusa kodi.

Kama bado hueleweshwi, iwashe hivi:

```
java -jar duka.jar --debug
```

Itachapisha ripoti ya kila usanidi wa kiotomatiki uliokubaliwa na uliokataliwa, pamoja na sababu. Ukiwa unajiuliza kwa nini Spring haikuunda kitu fulani, jibu limeandikwa humo.

Matoleo yasiyopatana

Kosa la `UnsupportedClassVersionError` hutaja namba mbili, na namba hizo zinajieleza: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Ukiambiwa faili ni 61.0 lakini mtambo unatambua mwisho 55.0, kodi imejengwa kwa Java 17 na inaendeshwa na Java 11. Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, haikubali chini ya Java 17. Andika `java -version`, kisha `mvn -version`, ulinganishe majibu; Maven, chombo cha kujengea mradi, hufuata `JAVA_HOME`, ambayo huenda bado inaelekeza kwenye Java ya zamani.

Ukihama kutoka toleo la 2 kwenda la 3, `javax.persistence`, `javax.servlet` na `javax.validation` zote zinakuwa `jakarta`. Usibadilishe kila `javax` kwa mkupuo, maana `javax.sql` ni ya Java yenyewe na inabaki palepale. Kosa `Not a managed type` baada ya kuhama mara nyingi lina maana kwamba `@Entity`, alama ya klasi inayowakilisha jedwali, bado imetoka kwenye `javax`.

Nalo `NoSuchMethodError` huashiria maktaba mbili za matoleo yanayogongana. Endesha `mvn dependency:tree`, tafuta ile uliyoiandikia toleo kwa mkono, ufute namba hiyo. Spring Boot tayari ina orodha ya matoleo yanayopatana.

Porti imeshikwa

Hili ni jepesi. Kwenye Linux au Mac tumia `lsof -i :8080`, kwenye Windows `netstat -ano | findstr :8080`. Chukua namba ya mchakato, kisha `kill` au `taskkill /PID namba /F`. Kwa kawaida ni programu yako mwenyewe ya jana ambayo haikuzimwa.

404 ilhali kontrola ipo

404 ni jibu la kwamba ulichoomba hakikupatikana, na kontrola ni klasi inayopokea maombi ya wavuti. `@SpringBootApplication`, alama ya klasi kuu, huchungulia pakeji iliyomo na zilizo chini yake tu. Klasi kuu ikiwa ndani ya `tz.duka.app` na kontrola ikiwa ndani ya `tz.duka.bidhaa`, hizo ni ndugu wa kando, hazionani. Hamishia klasi kuu kwenye `tz.duka`. Wapo wanaoongeza `scanBasePackages`. Kontrola itapatikana, lakini hifadhi za JPA (sehemu za kusoma na kuandika hifadhidata) na klasi za `@Entity` bado hazitaonekana, kwa kuwa hizo hutafutwa kwa njia nyingine. Kuhamisha faili moja kunamaliza yote.

Angalia pia kama umeandika `@Controller` badala ya `@RestController`. Ya kwanza huchukua maandishi unayorudisha kuwa jina la ukurasa, na ukurasa huo haupo.

Ukipata 403, yaani ombi limekataliwa, kwenye POST huku GET inapita, mara nyingi ni kinga ya CSRF ya Spring Security, inayozuia tovuti nyingine kutuma maombi kwa jina la mtumiaji wako. Kwa API inayotumia tokeni kwenye kichwa cha ombi, bila vidakuzi, unaweza kuizima. Kwa fomu za kivinjari iache, na uhakikishe fomu inatuma tokeni yake.

`@Transactional` isiyofanya kazi

Hapa panahitaji utulivu, maana hakuna kosa jekundu linalotokea. Data inaharibika kimyakimya.

```java
public void lipa(Oda oda) throws IOException {
    hamisha(oda);
}

@Transactional
public void hamisha(Oda oda) throws IOException {
    akaunti.punguza(oda.getKiasi());
    risiti.andika(oda);
}
```

Kuna matatizo mawili. La kwanza, `lipa` inaita `hamisha` iliyo ndani ya klasi ileile. Spring hufungua muamala (kazi za hifadhidata zinazofaulu zote au kufutwa zote) kupitia proksi, yaani kivuli kinachosimama mbele ya klasi yako. Wito wa ndani haupiti mlangoni pale, kwa hiyo muamala haufunguliwi. Hamishia `hamisha` kwenye klasi nyingine ya huduma, uiite kutoka huko. Methodi ya `private` nayo haifai kwa sababu hiyohiyo.

La pili, hata muamala ukifunguka, Spring hurudisha mambo nyuma kwa `RuntimeException` na `Error` peke yake. `risiti.andika` ikitupa `IOException`, pesa zimekwisha kupunguzwa na mabadiliko yanahifadhiwa. Andika:

```java
@Transactional(rollbackFor = Exception.class)
```

Na usilikamate kosa kwa `catch` ndani ya methodi ukaliishia kwenye logi tu. Proksi haitajua kama kuna kilichoharibika.

`could not initialize proxy - no Session`

Umesoma oda, muamala umefungwa, kisha unaita `oda.getBidhaa().size()`. Bidhaa hazikuletwa, na mlango wa hifadhidata umeshafungwa. Dawa ya haraka inayosambazwa ni `FetchType.EAGER`, iepuke, kwa kuwa italeta bidhaa kila oda inaposomwa, hata pasipohitajika. Omba unachokitaka pale unapokitaka:

```java
@Query("select o from Oda o left join fetch o.bidhaa where o.id = :id")
```

Huenda usilione kosa hili kabisa kwa sababu `spring.jpa.open-in-view` huwa imewashwa kwa chaguo-msingi. Iweke `false` mapema, mradi ukiwa mchanga. Ikiwa imewashwa, maswali huendelea kwenda kwenye hifadhidata wakati jibu linaandikwa, na orodha ya oda 100 inaweza kuzaa maswali 101 bila wewe kujua. Washa `spring.jpa.show-sql=true` uyahesabu.

Miunganisho imekwisha

`Connection is not available, request timed out after 30000ms` maana yake maombi yamesubiri sekunde 30 bila kupata nafasi. HikariCP, inayoigawia programu miunganisho ya hifadhidata, kwa chaguo-msingi hutoa miunganisho 10. Kuongeza hadi 50 huahirisha tatizo: MySQL kwa chaguo-msingi huruhusu 151, kwa hiyo nakala tatu za programu zinakaribia kuijaza. Tafuta kwanza anayeshikilia:

```
spring.datasource.hikari.leak-detection-threshold=10000
```

Muunganisho ukishikwa zaidi ya sekunde 10, logi itakuonyesha mstari uliouchukua. Mara kwa mara utakuta huduma ya nje, kama ya malipo kwa simu, inaitwa ndani ya `@Transactional`. Kila mteja anayesubiriwa aweke namba ya siri ameshika muunganisho mmoja. Hifadhi oda, funga muamala, ndipo uite huduma; jibu likija, fungua muamala mwingine.

Saa zinapishana kwa saa 3 kamili

Mauzo ya saa 4 asubuhi yanaonekana ya saa 1 asubuhi. Seva ipo kwenye UTC, saa ya kimataifa, nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Usiweke `plusHours(3)` popote, maana seva ikibadilishwa saa zitasogea tena. Tumia `Instant` kwenye klasi, ongeza

```
spring.jpa.properties.hibernate.jdbc.time_zone=UTC
```

kisha geuza kwenda `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi` wakati wa kuonyesha tu. Kabla ya kuwasha mpangilio huu, kagua rekodi chache za zamani ujue ziliandikwa kwa saa ipi. Zilizokwisha kuingia hazitajirekebisha, itabidi uzisahihishe kwa SQL.