SOMO: Kumlea nondo anayejifanya nyuki

Kila msimu naletewa picha ileile: "Nyuki gani huyu mkubwa?" Si nyuki. Ni nondo wa mchana, Cephonodes hylas. Jina hilo la hylas alipewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, mwaka 1771. Nyuki hutua juu ya ua. Huyu husimama hewani mbele yake na kunyonya kwa mrija mrefu. Hana mwiba. Hapa Bombo tunamkuta kwenye mibuni na gadenia, kile kichaka cha maua meupe yanayonukia.

1. Tafuta kiwavi mwenye pembe mkiani. Ukiona punje za mavi juu ya jani, inua macho: yuko juu yake.

2. Mtie kwenye ndoo, funika kwa chandarua.

3. Mpe majani mabichi ya mti uleule ulikomkuta, yasiyopuliziwa dawa.

4. Akiacha kula na kuanza kuhangaika, mwekee udongo laini na majani makavu ajifiche humo ageuke nondo. Usimfukue.

5. Simika vijiti vyenye magome KABLA hajatoka. Hapa ndipo nilipoharibu. Nondo hutoka na mbawa ndogo, zimelegea. Lazima apande, aning'inie, ndipo zijae na kunyooka. Wangu wa kwanza alipanda ukuta wa ndoo, akateleza, akapanda tena, akateleza, mpaka mbawa zikakauka zimekunjamana. Hakuruka. Iliniuma sana. Usimsaidie kwa vidole! Na ukiona mbawa za kijivu usishtuke: huo ni unga. Akipepea mara ya kwanza unapukutika, mbawa zinabaki wazi kama kioo. Usimpanguse.

MASWALI

— Anauma?
Soma juu.

— Nipe dawa, wanakula kahawa yangu.
Umewahesabu, ndugu? Wachache waokote kwa mkono. Dawa itaua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi, na hao ndio wanaokulindia shamba.

— Samahani mwalimu, kupoteza unga kunamsaidia nini?
Swali zuri, dada. Mbawa zikiwa wazi na zinavuma, ndege anaona nyuki. Aliyewahi kuchomwa hasogei. Kaa karibu na gadenia asubuhi, utulie. Utamwona akikunjua kishungi cheusi cha mkiani.

— Gadenia yangu haishiki.
Kata kitawi kichanga kiasi, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Usikivute kila siku kuangalia mizizi.