SOMO: Kwa nini mashine ya kuchaji magari ya umeme, ya kilowati 120, inakupa 40 tu

Wakuu, swali hili limejirudia mno humu. Naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Jua plagi yako. Nissan Leaf za Japani ni plagi ya CHAdeMO, magari ya soko la China GB/T, ya Ulaya CCS2.

2. Jua kikomo cha gari. Mashine inatoa kile gari linachoomba. Leaf ya kilowati-saa 40 haiombi zaidi ya kilowati 50 hivi, hata mashine iwe kubwa namna gani.

3. Joto la betri. Hapa ndipo watu wanapoumia. Betri hupokea vizuri ikiwa nyuzi 20 hadi 35 hivi. Leaf hiyo haina maji ya kupooza betri, inategemea hewa tu. Toka Moshi kwa kasi, panda hadi Arusha, kilomita kama 80 na mwinuko juu, unafika betri imechemka. Ukichomeka, gari linajibania umeme lenyewe ili betri isiharibike. Kuchaji kwa kasi nako kunaongeza joto, ndiyo maana chaji ya pili ya siku huwa ya kobe. Kuegesha kivulini nusu saa hakusaidii sana, betri ni nzito na hupoa kwa saa nyingi. Punguza mwendo tangu njiani. Na MSIMWAGIE betri maji, wala msifungue kitu: mle mna volti zaidi ya 350. Inaua.

4. Chomeka ikiwa 10–20%, ondoka ikifika 80%, juu ya hapo gari hupunguza umeme.

MASWALI

— Mkuu, yangu inachaji polepole, shida nini?

— Gari gani? Asilimia ngapi?

— Leaf. Ilikuwa 86. Mashine yao mbovu.

— Mashine haina kosa. Rudia hatua ya 4.

— Samahani kaka, jirani alipochomeka, yangu ikashuka. Ni kawaida?

— Swali zuri sana, dada. Mashine nyingi zenye waya mbili hugawana umeme. Soma skrini, zidisha volti kwa ampea: 360 mara 60 ni wati 21,600, yaani kilowati 21.6. Namba ikishuka jirani anapochomeka, na kupanda akichomoa, ujue ni mgawo. Ikibaki chini hata ukiwa peke yako, tazama joto.

— Asante! Na asubuhi za Julai, baridi ya Arusha?

— Nayo hupunguza. Chaji ukitoka safari, kabla betri haijalala ikapoa.

— Nyumbani je, soketi ya kawaida?

— Volti 230 kwa ampea 10 ni kilowati 2.3, Leaf tupu inakula usiku kucha na asubuhi yote. Usitumie ekstensheni nyembamba. Shika plagi baada ya nusu saa. Ikiunguza mkono, zima, ita fundi abadilishe soketi.