Esei ya kushawishi kwenye Kiingereza: anza na yule anayekupinga

Wengi wakipewa esei ya kubishana kwenye kipindi cha Kiingereza wanakimbilia kutafuta pointi tatu, wanazipanga Firstly, Secondly, Thirdly, wanafunga na In conclusion, basi. Grama inaweza kuwa safi kabisa na bado isimshawishi mtu, maana aliyeandika hakuwa na mtu kichwani wa kumshawishi. Mi nashauri uanze na anayepinga, iwe unasoma hoja ya mwingine au unaandika ya kwako.

Kwenye kusoma chukua ile barua ya Martin Luther King Jr., mchungaji mweusi wa Marekani aliyepigania haki za watu weusi, aliyoiandika akiwa jela Birmingham, Alabama, Aprili 1963. Kabla hujauliza inasema nini, uliza anamjibu nani. Anawajibu viongozi wa dini 8, wazungu, wengi wao Wakristo, waliotoa tamko kwamba maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi hayakuwa ya busara na wakati wake bado. Ukishajua hilo barua inafunguka yenyewe. Ni mchungaji anaandikia viongozi wa dini wenzake, ndo maana anamleta mtume Paulo na Mtakatifu Augustino. Kwenye lile dai lao kwamba yeye ni mtu wa kuja tu, anaanza na jibu la kawaida tu, tuna wenzetu hapa na wametualika, alafu anapanda kwa Paulo aliyetoka kwao kupeleka injili, ndo mwisho anafika kwenye kanuni kwamba dhuluma ya mahali pamoja inatishia haki kila mahali. Angalia huo mpangilio, ameanza na kitu ambacho hawawezi kukikataa.

Sasa pale wanapomwambia asubiri! Anashusha sentensi moja ya maneno zaidi ya 300, when you, when you, jambo juu ya jambo, mpaka binti yake wa miaka 6 anayeuliza kwa nini haruhusiwi kwenda kwenye bustani ya michezo aliyoiona kwenye TV, na wewe unasoma unatafuta nukta haiji. Yaani anakusubirisha na wewe. Kwa hiyo kwenye jibu lako usiishie kusema mwandishi ametumia marudio, sema marudio yanamfanya nini msomaji yule, hapo ndo kwenye maksi.

Kwenye kuandika, tuseme mada ni wanafunzi wa bweni waruhusiwe simu. Kabla ya intro jifanye mwalimu wa nidhamu na uandike sababu yake nzito kuliko zote, usimchagulie ile nyepesi. Nzito ni kwamba usiku bwenini hakuna wa kuwasimamia, watu watachati mpaka saa nane na picha za wenzao zitasambaa. Ukiitazama vizuri utaona msimamo wako ulikuwa mpana mno, basi ubane: simu zikae kwa matroni, zitolewe Jumamosi mchana. Huo unateteeka.

Kisha kwenye esei mpe haki yake bila kuzunguka, kitu kama "A phone in a dormitory at midnight is a real danger." Sentensi inayofuata geuza: "That is why I ask only for two hours on Saturday, with the matron present." Mwalimu wa nidhamu akisoma hapo hana pa kuanzia ugomvi.

Takwimu usitunge, ukiandika asilimia 80 bila kusema imetoka wapi umejiharibia. Bora mfano unaoonekana, mwanafunzi wa Mbeya anayesoma Tanga, mama anaumwa, na njia ya kupata habari ni kupitia simu ya ofisi tu.

Ukimaliza msomee kwa sauti mwenzako ambaye hakubaliani na wewe, tena umwambie akukatize muda wowote. Kila anapokukatiza weka alama pembeni, aya hiyo ndo ya kuandika upya kabla hujamkabidhi ticha.