Kuchagua msumeno mdogo wa pembe kwa karakana finyu

Karakana yangu hapa Keko, Dar es Salaam, ni futi 10 kwa 12, na humo ndimo ninamotengenezea fremu za milango na vitanda vya mninga. Kabla ya kuuliza bei ya msumeno wa pembe, yaani msumeno wa umeme wa kukatia mbao kwa pembe sahihi, pima nafasi iliyo nyuma ya meza. Misumeno mingi ya kuteleza, ambayo kichwa chenye mota na diski husogea mbele na nyuma, ina reli zinazotokeza kwa nyuma. Wa kwanza kununua ulinilazimu kuivuta meza sentimita 30 kutoka ukutani, njia ya kupita ikaisha.

Diski ya milimita 216 inatosha. Inakata mbao ya inchi 2 kwa 4 bila taabu, na msumeno ukiwa na reli unafikia upana wa karibu sentimita 30.

Dukani nenda na guniya (kipimo cha pembe ya nyuzi 90) na kipande cha ubao kilichonyooka. Omba ukate nyuzi 90, kisha geuza nusu moja juu chini na uziunganishe kwenye rula. Kosa la pembe hapo linaonekana mara mbili, hivyo hata mwanya mwembamba hautajificha. Shika na kichwa ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza, uache, hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Fremu isiyokaa pembe mteja anaiona kila siku.

Soma kibandiko cha umeme: volti 220 hadi 240. Mtumba wa volti 120 kutoka Marekani utaungua ukiuchomeka moja kwa moja.

Diski yenye meno 24 huchanachana ukingo wa mninga. Nunua ya 48 au 60, ukihakikisha tundu lake la katikati linalingana na ekseli, yaani mhimili unaoizungusha.