Chapati za Maji Katika Baridi ya Nyanda za Juu: Namna ya Kuzipika na Kuzila

Katika nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, chapati za maji hupikwa asubuhi ambayo hakuna mwenye muda wa kukanda na kusukuma unga, na huenda ndiyo sababu zikaonekana chakula cha kubahatisha. Hata hivyo zinataka uangalifu wa aina yake, hasa huku ambako baridi ya Juni na Julai huipoza chapati kabla haijafika mezani.

Kwa walaji wanne, chekecha vikombe viwili vya unga wa ngano, tia robo kijiko cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya chakula vya sukari, kisha fanya shimo katikati na uvunjie humo mayai mawili. Mimina maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga kutoka katikati kuelekea pembeni, kwa sababu ukiyamimina yote kwa mara moja utashinda ukiponda mabonge. Yatahitajika vikombe viwili na nusu hivi, hadi mchanganyiko uwe kama uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe. Ongeza vijiko viwili vya mafuta, funika, na uuache nusu saa ili unga unyonye maji na mnato uliotokana na kukoroga ulegee. Wengi huruka hatua hii, kisha hulalamika kwamba chapati zao zinavutika kama mpira.

Kikaango cha chuma kizito ndicho kinachofaa, kwa kuwa hakipoi kila unapomimina. Kama unatumia jiko la mkaa, subiri mkaa ushike wote na moshi uishe. Dondoshea tone la maji: likirukaruka na kukauka papo hapo, moto umetosha. Paka mafuta kidogo kwa nusu ya kitunguu iliyochomwa kwenye uma, mimina upawa mmoja, kisha inua kikaango na ukizungushe ili uji usambae. Geuza pale tu ung'avu wa majimaji unapotoweka juu na kingo zinapoanza kujiinua. Chapati ya kwanza mara nyingi huharibika kwa sababu moto haujatulia. Hiyo ni haki ya watoto wanaozunguka jikoni.

Usizirundike zikiwa za moto kwenye hotipoti iliyofunikwa moja kwa moja, kwani mvuke utageuka maji na kuzilowesha. Tandika kitambaa safi chini ya kifuniko. Bora zaidi, kila mtu ale yake inapotoka jikoni, ingawa mpishi ndiye atakayekula mwisho.

Kuhusu kitoweo, Rungwe ina parachichi: liponde kwa chumvi na limao, upake, ukunje. Asali nayo hutosha peke yake. Ukitaka za chumvi, acha sukari na uongeze kitunguu, karoti iliyokunwa na pilipili hoho, kisha uzile kwa maharage yenye mchuzi mzito. Chapati tamu pamoja na chai yenye sukari nyingi, kwa maoni yangu, ni kuzidisha. Chai ya Mufindi iliyokolea maziwa, bila sukari, huiacha chapati isikike mdomoni.

Wenzetu wa mbali wamezipangia chapati hizi siku maalumu. Uingereza hupikwa Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, desturi iliyotokana na kumaliza mayai, maziwa na mafuta kabla ya mfungo wa Kwaresima, na huliwa kwa limao na sukari. Ufaransa huzipika nyembamba sana tarehe 2 Februari, na wapo wanaozirusha hewani kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika sarafu, wakiamini kwamba mwaka utakuwa wa neema. Urusi husherehekea wiki nzima kabla ya Kwaresima yao. Waumini wa nyanda hizi wanaofunga Kwaresima wanaweza kuiga ile Jumanne bila gharama yoyote mpya, maana vinavyohitajika vimo jikoni tayari.

Zikibaki, zikate vipande vyembamba virefu, uvikaange kwa kitunguu na nyanya hadi nyanya ziive, na hapo utakuwa na mlo wa mchana.